Kwa nini "part two" hutuangusha? Jibu liko kwenye dadu

Maoni ya watu baada ya kuangalia muvi kubwa za mfululizo yanafanana mno. Unamuuliza mtu ilikuwaje, anakujibu, "Si mbaya, ila haifikii ile ya kwanza." Halafu zinafuata sababu: wameishiwa hadithi, wanataka hela tu, mwongozaji kabadilishwa, stelingi kazeeka. Kwenye banda la video mjadala huo unaweza kwenda mpaka umeme ukatike.

Na mara nyingi watu hao wako sahihi: muvi ya pili kweli huwa imeshuka. Mfano wa karibuni ni Joker. Ile ya 2019 ilivuka dola bilioni moja kwenye mauzo ya tiketi, ikateuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar, na Joaquin Phoenix akashinda tuzo ya mwigizaji bora. Mwendelezo wake wa 2024 ulipondwa na wahakiki, watazamaji nao hawakuupenda, na mapato yake hayakukaribia kabisa yale ya mwanzo. Ajabu ni kwamba mwongozaji alikuwa yuleyule, Todd Phillips, na stelingi yuleyule. Kwa hiyo zile sababu zetu za kawaida hazitoshi.

Leo tuangalie sababu ambayo haitajwi sana kwenye mijadala hii. Haihusu tamaa ya studio wala uzee wa mtu. Ni hesabu tu, na ukishaielewa utaiona sehemu nyingi, nyingine muhimu kuliko sinema.

Papa aliyegoma

Tuanze na Jaws ya 1975, filamu ya Steven Spielberg kuhusu papa anayeshambulia watu ufukweni. Watengenezaji waliunda papa wa mitambo, wakamwingiza baharini, na maji ya chumvi yakamletea matatizo yasiyoisha. Kila mara anaharibika. Spielberg akalazimika kupiga sehemu nyingi bila papa kuonekana: unaona maji, unaona pipa linaburutwa, unasikia muziki wa John Williams, papa mwenyewe humwoni. Kumbe hicho ndicho kilichowatisha watu kuliko kitu kingine. Jaws ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizokuwa zimewahi kutengenezwa, mpaka Star Wars ilipokuja kuipita.

Je, mafanikio yale yalikuwa uwezo au bahati? Vyote viwili. Uwezo wa Spielberg ulikuwa mkubwa, na bila huo papa mbovu angezaa filamu mbovu. Lakini mtambo kuharibika kwa namna iliyoisaidia hadithi ni jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Filamu yoyote iliyofanikiwa sana ina mchanganyiko wa namna hiyo. Waigizaji wameendana kuliko ilivyotarajiwa, au imetoka wakati watu wana kiu ya hadithi ya aina hiyo, au filamu shindani imechelewa kutoka.

Sasa ukitengeneza sehemu ya pili, uwezo unaweza kuubeba. Unamwajiri mwongozaji yuleyule, unawalipa waigizaji walewale. Bahati huwezi kuibeba. Hiyo inarushwa upya.

Jaribu na dadu za ludo

Chukua dadu mbili. Ya kwanza iwe uwezo wa kikosi cha filamu, ya pili iwe bahati. Rusha zote, jumlisha. Jumla hiyo ndiyo ubora wa filamu, kuanzia 2 mpaka 12, na wastani wake ni 7.

Halafu weka sheria moja kama ya studio: filamu ikipata 10 au zaidi, inapewa fedha za kutengeneza mwendelezo. Kati ya namna 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuanguka, ni 6 tu zinazofikia hapo: 4 na 6, 5 na 5, 5 na 6, 6 na 4, 6 na 5, 6 na 6. Wastani wa jumla zao ni karibu 10.7. Hizo ndizo filamu za kwanza tunazozikumbuka kwa mapenzi.

Sasa tengeneza sehemu ya pili. Dadu ya uwezo iache ilipo, usiiguse, maana kikosi ni kilekile. Rusha dadu ya bahati peke yake. Wastani wa uwezo kwenye filamu hizo sita ni 5.3, na wastani wa bahati mpya ni 3.5 kama ilivyo kwa dadu yoyote. Jumla ni karibu 8.8.

Umeona? Kutoka 10.7 mpaka 8.8. Hakuna aliyezembea, hakuna aliyeishiwa hadithi, hakuna tamaa, na bado ubora umeshuka. Angalia pia kwamba 8.8 iko juu ya 7. Yaani sehemu ya pili bado ni nzuri kuliko filamu ya kawaida. Ndiyo maana lile jibu la "si mbaya, ila haifikii ya kwanza" ni sahihi kuliko hata msemaji anavyodhani.

Wataalamu wa takwimu huliita jambo hili kurejea kwenye wastani. Mwingereza Francis Galton alilieleza katika makala ya 1886 iliyotumia vipimo vya urefu wa watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, pamoja na wazazi wao. Aliona kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, ila kwa wastani si warefu kama wao. Na wazazi wafupi sana huzaa watoto wafupi, ila si wafupi kama wao.

Muvi ambazo hazipati mwendelezo

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Tatizo haliko kwenye sehemu ya pili peke yake, liko kwenye namna tunavyochagua sehemu ya kwanza.

Rudi kwenye dadu, uchukue zilizofeli: jumla ya 4 kushuka chini. Nazo ziko 6, na wastani wake ni 3.3. Ukizipa mwendelezo kwa sheria ileile, wastani wa sehemu ya pili unakuwa 5.2. Zimepanda! Lakini nani atatoa fedha kutengeneza sehemu ya pili ya muvi iliyobuma? Kwa hiyo miendelezo ambayo ingepanda haitengenezwi, na ile inayotengenezwa ndiyo ambayo ina nafasi kubwa ya kushuka. Sisi tunaona upande mmoja tu wa mzani, halafu tunatunga kanuni kwamba part two huharibu.

Kama maelezo haya ni ya kweli, basi mfululizo ambao haukusubiri ya kwanza ifanikiwe usishuke kwa namna hiyo. Na upo mfano mzuri. Filamu tatu za The Lord of the Rings za Peter Jackson zilipigwa kwa pamoja huko New Zealand kabla ya ya kwanza kutoka 2001. Uamuzi wa kutengeneza ya pili na ya tatu haukutegemea bahati ya ya kwanza. Ya tatu, iliyotoka 2003, ilichukua tuzo 11 za Oscar, ikalingana na rekodi ya Ben-Hur na Titanic.

Mfano mwingine ni Fast & Furious. Ulianza 2001, na sehemu zake zilizofuata zilipondwa na wahakiki, ila kwa kuwa fedha zilikuwa zinaingia, mfululizo haukukatwa. Ya tano, ya 2011, ikapokewa vizuri kuliko zote zilizoitangulia. Mfululizo ukiachwa uendelee baada ya kushuka, una nafasi ya kupanda. Mifano miwili si ushahidi wa kutosha, lakini inaelekea kulekule ambako dadu zinatuelekeza.

Basi hakuna wa kulaumiwa?

Yupo, ila si kila mara. Zile filamu 6 zilizopita, kila moja ikirusha bahati mpya kuna matokeo 6, kwa hiyo jumla ni matokeo 36. Kati ya hayo, 26 yako chini ya filamu ya kwanza, 6 yanalingana nayo, na 4 tu yanaipita. Hizo 4 ndizo akina The Godfather Part II ya 1974, ambayo ilishinda Oscar ya filamu bora kama ilivyoshinda ya kwanza, na Terminator 2 ya 1991.

Ndani ya yale 26 yaliyoshuka, 22 bado yako kwenye wastani au juu yake. Ni 4 tu yanayoangukia chini ya wastani wa filamu zote. Joker ya pili kwa maoni ya wengi iliangukia huko. Muvi ikifika hapo, zile sababu zetu zinaanza kuwa na uzito: uliza kuhusu hadithi, uliza kuhusu maamuzi ya mwongozaji. Jaws nayo iliendelea mpaka ya nne mwaka 1987, zote tatu za nyongeza bila Spielberg kuziongoza. Hapo hata dadu ya uwezo ilibadilishwa, si ya bahati tu.

Kutoka banda la video hadi darasani

Ukikosea kuhusu muvi, hakuna anayeumia. Lakini kosa hilihili lina madhara kwingine.

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi 2002, alisimulia alivyokuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani katika jeshi la anga la Israel. Aliwaambia kwamba sifa hufundisha kuliko adhabu. Mkufunzi mmoja akapinga: nikimsifu mwanafunzi aliyerusha ndege vizuri, mara inayofuata anarusha vibaya, nikimfokea aliyeharibu, mara inayofuata anafanya vizuri. Alichokiona kilikuwa kweli, ila sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Aliyerusha vizuri kupita kawaida yake angeshuka hata asiposifiwa. Aliyeharibu kupita kawaida yake angepanda hata asipofokewa.

Sasa fikiria shule zetu. Mwanafunzi ambaye kawaida yake ni 45 amepata 32, siku hiyo aliumwa au maswali yalimkataa. Anachapwa. Mtihani unaofuata anapata 44. Mwalimu, mzazi, na hata mtoto mwenyewe wanaondoka na funzo moja: fimbo imesaidia. Hakuna anayekumbuka kuuliza wale waliopata 32 na hawakuchapwa walipata ngapi baadaye. Fimbo hutolewa siku ambayo matokeo yako chini kabisa, na kutoka hapo chini mara nyingi njia iliyobaki ni kupanda.

Dawa nazo ni hivyohivyo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yanayokuja na kuondoka, anakwenda kutafuta dawa siku yamemzidi. Baada ya siku tatu ana nafuu, sifa zote zinakwenda kwa chupa aliyouziwa. Ndiyo maana majaribio ya dawa huwa na kundi la pili la wagonjwa ambalo halipewi dawa inayojaribiwa. Bila kundi hilo huwezi kutenganisha nafuu ya dawa na nafuu ambayo ingekuja yenyewe.

Kwa hiyo ukimaliza part two na ukaona imekuangusha, kabla ya kutoa hukumu jiulize: hii ilitengenezwa kwa sababu ya kwanza ilifanya maajabu? Kama ndiyo, kushuka kidogo kulitarajiwa. Je, imeshuka mpaka chini ya muvi za kawaida? Kama ndiyo, tafuta mchawi. Na swali hilohilo ulibebe siku utakapoona mtoto amepanda baada ya fimbo: wale ambao hawakuchapwa wako wapi?