Korosho Kilo Tatu

Kwetu ni Samburu. Nikilitaja jina hilo mbele ya wageni, hufikiria Samburu ya kaskazini, ya ngamia na shanga. Yetu ni ya Kwale. Ukitoka Mombasa unapita Mariakani, unapita Maji ya Chumvi, ndipo uifikie: kituo cha reli, maduka ya kando ya barabara kuu, na madereva wa malori wanaosimama kunywa chai. Ni nchi kavu. Mvua ikituhurumia tunavuna mahindi. Ikitunyima tunauza mbuzi mmoja baada ya mwingine, mpaka zizini inabaki samadi tu.

Katika nchi ya namna hiyo nyani ni adui. Nilipokuwa na miaka 9, kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kukaa juu ya dungu tangu alfajiri, nikiwa na debe la kupiga na rundo la mawe. Kundi la nyani likiingia shambani robo saa tu, chakula cha mwezi kimekwenda. Siku moja jiwe langu lilimpata nyani jike aliyekuwa na mtoto kifuani. Alianguka penye ua wa miba, akainuka, akakimbia kwa miguu mitatu, na yule mtoto hakuachia. Niliviona vidole vyake vimekamata manyoya ya mamake, vyembamba, vyenye kucha kama za mtoto wa mtu. Jioni ile marehemu baba alinisifu, na sifa ilikuwa ya haki, kwa sababu mahindi yalisalimika. Lakini usiku usingizi haukunijia, na sikumwambia mtu.

Natanguliza hadithi hiyo ili msomaji ajue shukrani yangu kwa wanaotunza wanyama inatoka wapi. Ni rahisi kumpenda mnyama usiyegombania naye chakula. Mimi nilimgombania. Ndiyo maana nikimwona mtu anaamka gizani kumwandalia uji mnyama ambaye si wake, hatamuuza wala hatamla, moyo wangu husimama hapo.

Mwaka 1998 nilikuja Ukunda kufundisha. Mwaka mmoja kabla, 1997, lilikuwa limeanzishwa Diani shirika la kumtetea mbega. Jina lake la kwanza lilikuwa Wakuluzu, kutokana na kuluzu, jina ambalo wenyeji humwita mbega. Leo linajulikana kama Colobus Conservation. Mbega wetu wa pwani ni mweusi, mabegani na mashavuni ana manyoya marefu meupe, na mtoto wake huzaliwa mweupe pe. Mikono yake haina kidole gumba. Chakula chake kikubwa ni majani, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe ili majani yapate kuchachuka humo. Tumbo hilo ndilo linalofanya mbega yatima awe mzigo mkubwa kwa mlezi. Maziwa yakizidi kidogo, jani likikosewa, unaweza kumpoteza usiku mmoja.

Adui wa mbega wa Diani si nyani wala chui. Ni barabara. Msitu uliokuwa mmoja ulipasuliwa kwa lami na majumba, na mbega ni kiumbe cha juu, chini hana mbio. Akishuka kuvuka, matatu inampitia. Basi zikafungwa ngazi za mlalo, nyaya mbili sambamba zenye vipago kati yake, kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule, juu ya magari. Wanafunzi wangu walizizoea kiasi cha kutoziona tena. Siku moja tulisimama chini ya mojawapo nikawauliza ni nani aliyepanda kuifunga. Darasa zima lilinyamaza.

Jibu lilikuja lenyewe miezi kadhaa baadaye, nikiwa kwenye bodaboda. Trafiki ilikuwa imesimamishwa kidogo, na juu mtini alikuwepo kijana amejifunga mkanda kiunoni. Alikuwa anakikamata kila kipago, anakivuta kwa uzito wake wote, anasikiliza, kisha anasogea kwa kingine. Hakuruka hata kimoja. Kimoja kilimshinda, akamwita mwenzake amrushie koleo, na sisi wa chini tukazidi kungoja huku wengine wakipiga honi. Alipomaliza alishuka, akasukuma ngazi yake kwenye gari, akaondoka. Honi zile ndizo asante aliyopata siku hiyo.

Wapo wengine wa kimyakimya zaidi. Wanaopogoa matawi yaliyogusana na nyaya za umeme, maana mbega akishika waya na tawi kwa pamoja anaweza kufa papo hapo. Wazee wa msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, ambao kabla ya shirika lolote kusajiliwa walikuwa wanakataza shoka kuingia kayani. Walikataza kwa ajili ya mizimu na makaburi ya wahenga, lakini chini ya katazo hilo mbega walipata mahali pa kulala. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na sisi walimu tukaanza kuzitaja darasani kana kwamba ni jambo jipya. Na kule Mwaluganje, chini ya Milima ya Shimba, Wadigo na Waduruma walitoa ardhi yao ya kulima iwe mapito ya ndovu. Mtu wa Kwale akikuachia shamba, amekupa kitu. Mimi nililinda shamba, najua.

Sasa nije kwa sokwe, maana hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Kenya haina sokwe wa asili. Wapo Uganda, wapo Tanzania upande wa Ziwa Tanganyika, wapo Kongo na Burundi. Waliopo hapa kwetu ni wakimbizi, na wako mahali pamoja tu: Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, karibu na Nanyuki. Makao hayo yalifunguliwa 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na taasisi ya Jane Goodall. Burundi ilikuwa imeingia vitani, na makao ya sokwe yatima ya Bujumbura hayakuwa salama tena. Walianza kuletwa yatima watatu, wengine wakafuata mpaka 1996.

Yatima wa sokwe hapatikani bila damu. Mwindaji hawezi kumchukua mtoto mikononi mwa mama aliye hai, wala mbele ya kundi lililo hai. Humuua mama, na mara nyingi wengine wanaojaribu kumtetea. Nyama inauzwa, mtoto anauzwa kando awe kitu cha kuchezea. Mmoja wa waliofikishwa Sweetwaters, Poco, alikaa miaka 9 Burundi ndani ya kizimba cha kuvutia wateja, chembamba kiasi kwamba hakuwa na namna ila kusimama wima. Hata alipopewa uwanja mpana, aliendelea kutembea kwa miguu miwili kuliko wenzake wote.

Watu huuliza: kwa nini wasirudishwe porini? Nami niliuliza. Sokwe hujifunza kwa mamake kwa miaka mingi: tunda lipi ni sumu, kiota hujengwaje kila jioni, nani mkubwa na husalimiwa vipi. Aliyelelewa kwenye kizimba hana shule hiyo. Tena sokwe wa porini humvamia mgeni, na msitu wenyewe umekatwa. Basi anatunzwa mpaka mwisho wake, na mwisho wake unaweza kuwa baada ya miaka 50. Hebu hesabu. Kijana anayeajiriwa leo kumlea sokwe mdogo anaweza kustaafu akamwacha sokwe yule bado ana nguvu, mikononi mwa mtu ambaye leo yuko chekechea.

Nilikwenda kuwaona Agosti 2019, na wanafunzi 31 wa chama chetu cha wanyamapori. Tulivuka Likoni kwa feri jioni, na usiku basi likapita Samburu. Niliwaonyesha dirishani upande lilipokuwa shamba letu, ingawa giza halikuonyesha kitu. Nilikuwa na mfuko wa korosho kilo tatu nilizonunua Msambweni, zimebanguliwa na kukaangwa, kwa sababu hatukufundishwa kwenda kwa watu mikono mitupu.

Mlezi aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, sauti ya chini. Alituambia sokwe wanaishi makundi mawili, mto Ewaso Nyiro ukiwatenga, na pande zote kuna ua wa umeme. Mvulana wangu mmoja alikohoa. Mlezi akamsogeza nyuma kwa mkono begani, akasema, "Pole kijana, baki hapa na mimi. Mafua yako hapa ni kitu kidogo, kwao yanaweza kuwa matanga." Yeye mwenyewe akiugua mafua haingii kazini, maana miili ya sokwe na yetu inafanana kiasi kwamba ugonjwa haujui tofauti. Hata uzazi wa mpango ni ule ule. Sokwe jike huwekewa kijiti, kwani kila mtoto anayezaliwa hapo anachukua nafasi ya yatima ambaye bado yuko kizimbani mahali fulani.

Halafu akaita. Hakupiga filimbi wala debe. Aliita jina, kama mama anavyomwita mtoto aliye kwa jirani, na kichakani kukatingishika. Alitoka sokwe jike mzee, nywele za mgongoni zimegeuka kijivu. Alikuja mpaka penye ua, akakaa, akamtazama mlezi usoni, kisha akageuza kiganja juu. Vidole vile nilivijua. Nilikuwa nimevibeba tangu nikiwa na miaka 9.

Nilimkumbuka Jane Goodall, aliyefika Gombe, Kigoma, Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na ambaye dunia ilimlilia alipofariki Oktoba 2025. Alistahili machozi yale. Lakini kuna mwaka ambao huwa nawasimulia wanafunzi: 1975. Mwezi Mei waasi kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Watafiti wa nje wakaondoka. Kazi haikusimama, kwa sababu wasaidizi wa Kitanzania, akina Hilali Matama, watu wa vijiji vya pale pale, waliendelea kupanda vilima kila asubuhi kuwafuata sokwe na kuandika walichokiona. Kumbukumbu za miaka ile, ambazo vyuo vikuu vya dunia vinazitegemea, zimejaa kazi ya mikono yao. Mpaka leo nikiuliza darasani ni nani aliyetufundisha habari za sokwe, napewa jina moja. Nami huongeza la Matama ubaoni, kwa chaki, herufi kubwa.

Wanafunzi walipokwenda kula, nilimtolea mlezi ule mfuko. Nikamwambia, "Kaka, hizi ni za kwenu. Si za sokwe."

Alicheka akasema, "Mwalimu, sokwe wangejua korosho ya pwani, ua huu usingewazuia." Akaniongoza jikoni kwao. Juu ya meza kulikuwa na karoti zilizokatwa, kabichi, ndizi, na ndoo zimepangwa, kila ndoo na jina. Alikunjua gazeti kuukuu, akamimina korosho zote, akaanza kuzigawa mafungu kwa kiganja. Sikumwomba maelezo, lakini alikuwa anasema huku akigawa, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kulala.

La kwanza la mama anayepika uji, ambaye hutoka nyumbani saa kumi alfajiri na kuwaacha wake wamelala. La pili la daktari. La tatu la jamaa anayeuzunguka ua kwa miguu asubuhi na jioni akitafuta tawi lililoangukia waya, maana tawi moja likilaza waya, sokwe watakuwa mashambani kwa watu. Hapo alinyamaza kidogo, akakiongeza kiganja kingine kwenye fungu hilo. La dereva anayeleta mboga hata barabara ikiwa tope. La mkulima anayezilima, ambaye akikosa soko zuri huwapunguzia bei. La msichana wa langoni anayepokea ada za wageni, na yeye, kwa maneno ya mlezi, "ndiye anayetulisha sote, na watu humnunia." Lake mwenyewe lilikuwa dogo kuliko mengine, nikamrudishia korosho kutoka langu la kuonja, akazikubali.

Fungu moja lilibaki. Nikauliza ni la nani.

"La mlinzi wa usiku," alisema. "Sasa hivi amelala. Sokwe mmoja ni mgonjwa, jana alikaa naye mpaka kukakucha, amemshika mkono kupitia nondo. Akimwachia anaanza kulia."

Nyuma ya mlango kulikuwa na koti zito limetundikwa msumarini, la baridi ya Laikipia, viwiko vimechakaa. Alilifunga lile fungu kwenye kipande cha gazeti, akakikunja pembe nne vizuri, akalifungua koti, akalitia fungu mfukoni upande wa kushoto. Halafu akalipigapiga juu kwa kiganja, taratibu, kuhakikisha halitadondoka.