Je, Wajua? Dirisha Lilizaliwa na Jicho

Neno la Kirusi okno, yaani dirisha, limezaliwa na neno la kale oko, jicho. Umbo lake la awali huandikwa *okъno. Kinyota cha mbele huonyesha kwamba neno limeundwa upya kwa kulinganisha lugha ndugu, kwani Kislavi cha kale kabisa hakikuacha maandishi.

Wapolandi na Wacheki nao husema okno. Waukraine husema vikno. Ajabu kubwa iko Urusi. Huko jicho la kila siku sasa huitwa glaz, na oko limebaki kwa washairi. Mzazi ametoweka mitaani, mtoto yuko kwenye kila ukuta.

Jicho hilo la ukutani zamani halikuwa na kioo. Katika nyumba za magogo za Urusi lilikuwa tundu dogo lenye ubao wa kusukuma, na moshi ulitokea humo.

Kwa Wakroatia, okno ni shimo la mgodi pia. Dirisha lao ni prozor, mahali pa kuchungulia.

Huko Skandinavia ya kale dirisha liliitwa vindauga, “jicho la upepo”, na humo ndimo Waingereza walimopata window. Dirisha la Kiswahili lilitoka Kiajemi: dariche, mlango mdogo.