Nyumba ya kupangisha: Pango lote si faida

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wanapopata fedha za ziada hukimbilia kujenga nyumba ya kupangisha, wakiamini kuwa ni kitega uchumi kisicho na hasara. Imani hiyo ina msingi wake, kwani nyumba haiozi kama mzigo wa vitunguu. Kasoro iko kwenye hesabu: wengi huhesabu pango linaloingia na kusahau gharama zinazotoka.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu maeneo ya Tabata au Kimara, ambayo kiwanja na ujenzi vimemgharimu mwenyewe sh. milioni 80, na inapangishwa kwa sh. 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni sh. milioni 4.8, sawa na asilimia 6 ya mtaji. Kwa hesabu hiyo, fedha zitarudi baada ya miaka 17 hivi. Hiyo ni hesabu ya barazani.

Hesabu ya daftarini ni nyingine. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja kati ya mpangaji mmoja na mwingine, pango linashuka hadi sh. milioni 4.4. Kodi ya zuio ni asilimia 10, nayo hupigwa kwenye pango lote kabla ya gharama yoyote kuondolewa. Hapo zinaondoka sh. 440,000. Rangi, mabomba, vitasa, bati linalovuja na kunyonya shimo la choo vikitengewa sh. 600,000 kwa mwaka, zinabaki sh. milioni 3.36. Ipo pia kodi ya majengo, ambayo mwaka 2021 ilianza kukatwa kwenye luku na mwaka 2023 ikapandishwa kwa nyumba ya kawaida kutoka sh. 12,000 hadi sh. 18,000 kwa mwaka. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, lakini deni ni la mwenye nyumba.

Kinachobaki mkononi ni sh. milioni 3.34, yaani asilimia 4 na kidogo. Miaka 17 imegeuka kuwa 24.

Hesabu hii inakuwa nzito zaidi kwa anayejenga kwa mkopo. Sh. milioni 40 zikikopwa kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni sh. milioni 6. Pango lote la nyumba hiyo halifikii kiasi hicho, na deni lenyewe bado halijaguswa. Anayesema nyumba italipa mkopo wake yenyewe ana wajibu wa kuonyesha pengo hilo litazibwa na nini. Mara nyingi huzibwa na mtaji wa dukani.

Kwa mwenye fedha taslimu, kipimo kizuri ni hati fungani za serikali. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hati ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95, na mwaka 2022 riba ya hati mpya ikashushwa hadi asilimia 12.56. Hata kwa kiwango hicho cha chini, sh. milioni 80 huleta zaidi ya sh. milioni 10 kwa mwaka, bila fundi wala dalali.

Hata hivyo, nyumba ina jambo ambalo hati haina. Mtaji wa hati hurudi ule ule baada ya miaka 25, ukiwa umeliwa na mfumuko wa bei, wakati kiwanja kilichopo mahali pazuri hupanda thamani na pango huweza kuongezwa. Lakini faida ya kiwanja hailiwi mpaka kiuzwe. Anayehitaji fedha za ada mwezi Januari hawezi kuuza chumba kimoja.

Fedha za pango zinazolipwa kwa mkupuo nazo huwapotosha wengi. Miezi sita ikilipwa siku moja, sh. milioni 2.4 huonekana kuwa faida, kumbe ni chakula cha nusu mwaka. Vile vile, mwenye nyumba na dalali hawana maslahi yanayofanana. Dalali hupata pango la mwezi mmoja kila mpangaji mpya anapoingia. Mwenye nyumba hupata anapokaa yule yule. Kumpunguzia mpangaji mlipaji sh. 20,000 kwa mwezi ni hasara ya sh. 240,000 kwa mwaka. Kumpoteza na kukaa na nyumba tupu mwezi mmoja ni sh. 400,000.

Wapo wanaochagua nyumba ya chumba kimoja kimoja. Hapo chumba kikiwa kitupu, vingine vinaendelea kulipa. Gharama yake ni usumbufu: wapangaji wengi, choo kimoja na ugomvi wa umeme.

Kabla ya kununua tofali la kwanza, mwekezaji achukue pango la miezi 11, aondoe asilimia 10 ya kodi, aondoe matengenezo, kisha agawe kinachobaki kwa gharama yote ya kiwanja na ujenzi. Aongeze na miaka ambayo fedha zitalala kwenye boma lisiloezekwa. Jibu likiwa asilimia 4 au 5, nyumba hiyo ni ya kawaida, inamfaa mwenye subira. Mwenye mtaji unaozunguka dukani mara tatu kwa mwaka afikirie mara mbili kabla ya kuufukia kwenye msingi.