Kuchagua Chuma cha Kurefusha Kulabu ya Kamio

Ninyi mnaokaa katika milima ya Masisi, karibu na machimbo ya Rubaya, mwajua jinsi kamio zinavyoshuka kwenda Goma. Kamio imebeba mbao ndefu zinazotokeza nyuma, tena inavuta tela, ndilo wengi waliitalo remoroki, lenye viazi au kinu cha kusagia mahindi. Penye kona mbao hugonga tela. Ndipo mwenye kamio humwendea fundi, amtengenezee chuma cha kurefusha kulabu. Hata Marekani wanatumia chuma hicho, kwa sababu wako watu wanaobeba nyumba ndogo ya kulala juu ya kamio, nayo hupita kulabu. Chuma hiki chafaa, lakini kina hatari yake.

Kwa nini urefu ni hatari?

Tazameni chukudu. Gunia likiwekwa katikati, chukudu hutulia. Likisogezwa nyuma kupita gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huinuka, na usukani hauna kazi tena. Gunia ni lile lile; umbali ndio ulioongezeka.

Kamio ni vivyo hivyo. Tuseme toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 3, na kulabu iko mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Shingo ya tela inakandamiza kulabu kwa kilo 120. Hapo magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 40. Ukiongeza chuma cha mita 1, yatapunguziwa kilo 80, na ya nyuma yataongezewa kilo 200. Usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele hazishiki vema. Tena chuma chenyewe hupindwa pale kinapoingia, na kila shimo la barabara huzidisha nguvu hiyo.

Namna ya kuchagua

1. Kwanza jaribu kusogeza mbao mbele au kuzipunguza. Ukiweza, usinunue chuma.

2. Pima kamio ikiwa imepakiwa. Tundika uzi wenye jiwe kwenye ncha ya mbao, upime toka kulabu mpaka uzi. Ongeza nafasi ya kona tu, si zaidi. Kisha geuza kamio polepole uwanjani, kulia na kushoto mpaka mwisho, mtu mmoja akitazama kando.

3. Soma namba ya uzito ya kamio, ya kulabu, ya chuma na ya tela. Namba ndogo kuliko zote ndiyo ya kufuatwa. Kumbuka kwamba kulabu iliyorefushwa haivuti tena uzito wake wa kwanza. Chuma kisicho na namba usikiamini.

4. Bomba la maji halifai. Chuma kiwe kinene, kiingie ndani sana, na pini isichezecheze, maana mchezo hula tundu.

5. Funga minyororo miwili, ipishane chini ya shingo ya tela. Ifungwe kwenye fremu ya kamio, si kwenye chuma cha kurefusha. Chuma kikikatika, minyororo italishika tela.

6. Katika kila kilo 100 za tela na mzigo wake, shingo ichukue kilo 10 mpaka 15. Usirundike mizigo nyuma ya tela ili kuipunguzia shingo. Tela litayumba barabarani.

Njia nyingine

Fundi hodari aweza kurefusha shingo ya tela yenyewe. Hapo kulabu inabaki karibu na ekseli, na mbele ya kamio haiinuki zaidi. Lakini shingo ndefu yataka chuma chenye nguvu, na dereva achukue kona kwa upana, maana tela litakata ndani zaidi.

Kinu ni mali ya kijiji kizima. Chuma kikikatika mlimani, tela hurudi nyuma, na nyuma ndiko wanakopita akina mama na watoto wenye mizigo. Basi mwambieni fundi neno hili: chuma kifupi kadiri iwezekanavyo, kinene kadiri ipasavyo, na minyororo isisahauliwe.