KAZI YA HESABU KATIKA MIJI YA MPAKANI

Katika miji ya Busia na Malaba, iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, ni shida kumpata mtu asiyefanya hesabu. Mama auzaye omena huhesabu. Kijana abadilishaye fedha kando ya barabara huhesabu. Karani wa wakala wa forodha huhesabu mchana kutwa. Lakini wengi wao huhesabu kichwani tu, na yahesabiwayo kichwani aghalabu husahauliwa kabla ya siku ya soko ijayo. Vijana wengi waliomaliza Kidato cha Nne huuliza habari za kazi ya uhasibu: hufundishwa wapi, huanzwaje, na je, mtu asiye na karo ya chuo kikuu aweza kuifikia?

Yafaa kwanza kujua kazi yenyewe ni nini. Mfano ni huu. Mfanya biashara wa Busia avuka mpaka na kununua maharagwe kwa shilingi 2,800,000 za Uganda. Siku hiyo shilingi moja ya Kenya yabadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda, kwa hiyo ametoa Sh. 100,000/- za Kenya. Arudipo auza maharagwe yote kwa Sh. 115,000/-, naye afurahi kwamba amepata faida ya Sh. 15,000/-. Lakini gari, wapagazi, magunia na ushuru wa soko vimekula Sh. 9,000/-. Faida yake ya kweli ni Sh. 6,000/- tu.

Tena kuna mnunuzi mmoja aliyechukua magunia ya Sh. 12,000/- kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Basi mfukoni mwa mfanya biashara huyo mna Sh. 94,000/-, yaani pungufu kuliko alizoanza nazo, ingawa amepata faida. Mtu asiye na kitabu cha hesabu hawezi kulielewa jambo hili. Huenda akadhani ameibiwa, akamfukuza kijana wake wa dukani bila kosa. Na iwapo juma lijalo shilingi ya Kenya itapungua nguvu hata kubadilishwa kwa shilingi 27 za Uganda, mzigo ule ule utamgharimu karibu Sh. 103,700/-.

Wazee wa sehemu hizo hukumbuka wakati shilingi ilipokuwa moja, ile iliyotolewa na Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, nayo ikapokelewa Busia yote bila swali. Mwaka 1966 Kenya na Uganda zilianza kutoa fedha zao wenyewe, na tangu hapo kila duka la mpakani lina sanduku mbili. Kodi pia si sawa: kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 upande wa Kenya na asilimia 18 upande wa Uganda. Karani wa hesabu aliyefundishwa Nakuru au Nyeri akihamia Malaba hana budi kujifunza upya mambo kadha wa kadha.

Desturi ya kuandika kila jambo la fedha mahali pawili ni ya zamani sana. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa mjini Venice mwaka 1494, ingawa wafanya biashara wa huko walikuwa wakiitumia kabla yake. Shabaha yake ni nyepesi kufahamu. Maharagwe yanunuliwapo, upande mmoja huandikwa kwamba mali imeingia, na upande wa pili kwamba fedha zimetoka. Jumla za pande mbili zisipolingana, mahali fulani pana kosa, nalo hutafutwa mpaka lionekane. Mwanafunzi aliyechukua somo la biashara shuleni amekwisha kuonja jambo hili.

Sasa juu ya masomo. Mitihani ya uhasibu nchini Kenya husimamiwa na bodi iitwayo KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969. Aliyepata wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE aweza kuanza moja kwa moja mitihani ya CPA, ambayo ina daraja tatu. Humo husomwa uhasibu, sheria, uchumi, kodi, ukaguzi wa hesabu na mambo mengine. Aliyepata C- huanza na stashahada ya ufundi wa hesabu, iitwayo ATD, na akiimaliza aweza kuendelea na CPA. Njia hii ya pili huchukua muda mrefu zaidi, na wako wanaoidharau. Lakini wanakosea, kwa kuwa mwenye ATD huweza kupata kazi ya ukarani wa hesabu, na mshahara huo ukamsaidia kulipia mitihani iliyobaki. Hapana sharti la kuacha kazi ili kusoma. Wengi husoma usiku na siku za mapumziko, wakalipia karatasi chache kwa kila kipindi cha mitihani kadiri ya uwezo wao.

Apendaye digrii hana haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022, kiko kwenye barabara iendayo Malaba kutoka Busia, nacho hufundisha masomo ya biashara. Lakini digrii peke yake haimfanyi mtu kuwa mhasibu mbele ya sheria. Kazi hii ina chama chake, ICPAK, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1978, na anayetaka kukagua hesabu za makampuni na kutia sahihi hana budi kuandikishwa humo na kupewa cheti cha kufanyia kazi. Wale wanaotundika kibao cha mkaguzi wa hesabu bila cheti hicho wanavunja sheria, hata kama wanajua kazi.

Zamani kijana wa Malaba mwenye kujua hesabu alikimbilia ofisi za mawakala wa forodha, kwa maana malori yatokayo bandari ya Mombasa yalisimama hapo, na hati zikaandikwa. Tangu mwaka 2014, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza utaratibu wa eneo moja la forodha, ushuru wa bidhaa nyingi ziendazo Uganda hulipwa kabla mzigo haujaondoka Mombasa. Kituo kimoja cha pamoja cha mpakani nacho kilifunguliwa rasmi Busia mwaka 2018. Malori hupita upesi zaidi, lakini kazi za mawakala zilipungua, na jambo hili liliwaumiza wengi. Anayetaka kazi hiyo hata hivyo yampasa kutafuta cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kifundishwacho katika chuo cha Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Wengine huanza katika vyama vya akiba na mikopo, maduka ya jumla, ofisi za shule, au ofisi za kaunti.

Liko jaribu moja ambalo karani mpya hukutana nalo mapema, nalo lafaa kusemwa wazi. Tajiri humwita kando, akamtaka aandike ankara ya pili yenye bei ndogo ili ushuru upungue. Karani huogopa kufukuzwa, naye ana wazazi wanaomtegemea. Lakini sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humwadhibu atoaye maelezo ya uongo kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Sheria haiulizi ni nani aliyetoa amri. Mwandiko ulio kwenye karatasi ni wa karani.

Anayesubiri karo aweza kuanza leo kwa daftari moja ya mistari katika duka la mzazi wake. Kila ukurasa upigwe mistari ya kusimama: tarehe, maelezo, fedha za Kenya, fedha za Uganda, na bei ya kubadilishia ya siku hiyo. Stakabadhi zitungwe kwenye uzi kwa kufuata tarehe. Fedha za sandukuni zihesabiwe kila jioni kabla ya duka kufungwa, zilinganishwe na daftari, na tofauti iandikwe hata ikiwa ni shilingi tano.