Aliitwa Tena Kesho Yake

Jim Gordon alikuwa na miaka 17 tu alipoanza kuwapigia dramu Everly Brothers mwaka 1963. Baada ya muda studio za Los Angeles zikawa zinamgombania. Hal Blaine, mkongwe wa kazi hiyo, alimpendekeza kila alipozidiwa na miadi. Ni kazi ya kukodiwa: unaitwa, unashika mdundo hadi wimbo ukamilike, unalipwa, unakwenda studio nyingine.

Dramu za "You're So Vain" ya Carly Simon ni zake. Mwaka 1970 alipiga katika albamu ya George Harrison, All Things Must Pass, na akawa na Eric Clapton katika Derek and the Dominos. Utunzi wa "Layla" unabeba majina yao wawili. Mipigo yake katika "Apache" ya Incredible Bongo Band ndiyo iliyorudiwarudiwa na madijei wa Bronx wakati hip hop inazaliwa. Kwangu mimi, hiyo pekee ingetosha kumweka katika historia.

Lakini mwaka huohuo wa 1970, katika ziara ya Joe Cocker, alimpiga ngumi mpenzi wake, mwimbaji Rita Coolidge. Ziara ikaendelea. Hapo ndipo roho yangu inaponiuma. Wanamuziki wa bendi moja huishi pamoja miaka na miaka, wakajua mwenzao amebadilika. Wa kukodiwa huonekana saa chache, na kinachopimwa ni mdundo. Mdundo wa Gordon haukuyumba, basi kesho yake aliitwa tena.

Gordon alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao kwa kawaida huanza ujanani, na kwake pombe na dawa za kulevya ziliufunika. Alisikia sauti kichwani, iliyomwandama zaidi ikiwa ya mama yake. Zilimnyima usingizi na chakula, mwishowe hata kupiga hakuweza. Alilazwa hospitali mara nyingi, akatibiwa ulevi.

Juni 1983 alimuua mama yake, Osa. Ugonjwa wenyewe ulitajwa baada ya kukamatwa. Mahakama ilikubali kwamba ni mgonjwa, ila sheria ya California ilikuwa imebana mno utetezi wa wazimu. Mwaka 1984 akahukumiwa kifungo cha miaka 16 hadi maisha. Tuzo ya Grammy ya "Layla" ilimkuta gerezani mwaka 1993. Maombi yake ya kuachiwa yalikataliwa kila mara, akafia kifungoni Vacaville, Machi 2023, akiwa na miaka 77.