Taa Mpya, Waya Mkuukuu

Pikapu kuukuu ikitunzwa huweza kuitumikia jamaa ya askari miaka mingi. Viti hushonwa upya, na zulia lenye unyevu huondolewa ili kutu isile sakafu. Lakini umeme wataka hadhari zaidi. Taa mbili za wati 55 katika betri ya volti 12 huvuta takriban ampea 9. Waya mwembamba wa zamani ukibebeshwa mzigo huo huchemka, mpira wake huyeyuka, na gari laweza kuungua. Basi fundi na afungue kwanza waya wa hasi wa betri, avute waya mpya mnene, na atie fyuzi karibu na betri. Fyuzi ikikatika, asiweke msumari mahali pake, atafute sababu. Fyuzi imekusudiwa ikatike ili gari lipone.